Picha Iliyotiwa Sura

Mwalimu alikuwa amezipanga meza, akazipangua, kisha akazirudisha vilevile zilivyokuwa mwanzo. Moyo haukumtulia. Leo ndiyo siku ambayo bibi yake Chiriku angekuja kumwangalia.

"Kumwangalia" ndilo neno alilolitumia mama huyo kwenye simu, kana kwamba Mwalimu ni kitambaa cha dukani, cha kukunjuliwa na kupimwa kwa vidole kabla mtu hajaamua.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa na madirisha marefu na sakafu ya saruji iliyojaa madoa ya rangi za Jumamosi nyingi. Watoto walianza kuingia, kila mmoja kwa namna yake: huyu anakimbia, huyu anachechemea, huyu anaongozwa kwa mkono, yule anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Walikuwapo mapacha viziwi ambao kutwa waligombana kwa vidole. Alikuwapo mtoto asiyeona, ambaye rangi yake ilichanganywa na mchanga ili aifuate kwa ncha za vidole. Na walikuwapo watoto wa majirani ambao hawakuwa na tatizo lolote ila kelele. Wote walichora pamoja na wote walikuwa chini ya sharti moja: mkono wa mtoto haushikwi. Mzazi aliruhusiwa kufungua kopo, kufunga brashi kwenye kiganja kwa kitambaa, kuokota kilichoanguka. Brashi ikishagusa karatasi, mkubwa alitakiwa kutia mikono yake mfukoni. Aliyejisahau aliukuta ukumbi mzima ukimpigia kelele, "Mikono!"

Baba Chiriku alikuwa amekwishafika na kutundika ukutani picha za maonyesho alizozibandika kwenye mbao nyembamba huko kwenye karakana yake. Alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa yaliandikwa kwa mkono wake, na hakuna herufi yake iliyowahi kuinama. Ndiyo maana mapenzi yake na Mwalimu yalianza kwa kicheko. Siku ya kwanza alipomleta binti yake, alisimama nyuma ya kiti mikono mfukoni, akiutazama mstari wa Chiriku ukiyumba kutoka ukingo huu wa karatasi hadi ule, huku jasho likimtoka.

"Unaumwa?" Mwalimu alimwuliza.

"Naumwa na ule mstari," alijibu.

Mwalimu alicheka hadi akashika meza. Mwanamume yule alimtazama akicheka, na tangu hapo hakuacha kumtazama.

Lakini mapenzi ya watu wazima hayaendi yenyewe. Mke wake alikuwa amefariki Chiriku akiwa mdogo sana, na tangu hapo mtoto alilelewa na mama wa marehemu. Baba alimpata mwisho wa wiki tu. Alipomwambia mama mkwe kwamba anataka kuoa na kumchukua mtoto moja kwa moja, mama yule alijibu kwamba mjukuu wake hatoki mikononi mwake kwenda kwa mwanamke asiyemjua. Naye Baba Chiriku alikuwa amemwambia Mwalimu wazi, huku akimshika vidole: "Nakupenda. Lakini siwezi kujenga nyumba ambayo mwanangu hamo."

Mwalimu alimheshimu kwa maneno hayo. Akayalilia pia, peke yake.

Sasa alipita ukutani akikagua picha, akitafuta cha kuishughulisha mikono yake. Alipofika mbele ya picha ya Chiriku alisimama ghafla. Kamba iliyokuwa imelegea sasa ilikuwa imenyooka kama rula. Vile vipande vya rangi vilivyoning'inia vilikuwa shuka nne zenye pembe. Na yule mwanamke wa manjano, ambaye Jumamosi iliyopita hakuwa na uso wowote, leo alikuwa na macho, pua na midomo iliyokaribia kutabasamu.

Uso ule Mwalimu aliujua. Aliwahi kuuona kwenye fremu, sebuleni kwa Baba Chiriku.

"Njoo stoo," alimwambia.

Stoo ilikuwa nyembamba, ndoo huku, makopo kule. Walisimama karibu sana, na siku nyingine ukaribu ule ungewafurahisha.

"Umefanya nini?"

"Umeiona."

"Nimeiona. Nakuuliza, umefanya nini?"

"Nimenyoosha kidogo tu. Kamba ilikuwa imelala kama mlevi." Alijaribu kutabasamu, akaona tabasamu halipokelewi. "Mama akiiona vile atasema tunampotezea mtoto muda. Wewe humjui mama mkwe wangu. Akiingia nyumba ya mtu, anatazama kwanza chini ya kitanda. Nilitaka aone kwamba Chiriku anaweza."

"Umemwambia Chiriku kwamba hawezi."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Picha yake ilikuwa imekamilika. Umeifuta ukaweka yako." "Na uso?"

Mwanamume akatazama makopo.

"Baba Chiriku, na uso?"

"Mwanamke hakuwa na macho. Nikasema nimtie macho tu. Mkono ukaenda wenyewe." Sauti yake ilishuka. "Alikuwa anaanika nguo hivyohivyo, mikono juu, hata mvua ikiwa imeanza. Mtoto amemkumbuka mama yake. Nikaona nimsaidie kumkumbuka vizuri."

Jumamosi iliyopita Mwalimu aliinama kando ya kiti cha Chiriku akamwuliza huyu mwanamke ni nani. Mtoto akajibu bila kufikiri, "Ni wewe, Mwalimu. Unaanika picha zetu zikauke. Nimekupa mikono mirefu ili uifikie kamba." Mwalimu alirudi nyumbani siku ile kama aliyekwishaposwa. Na sasa mtu anayempenda alikuwa amempaka rangi juu, akamweka mwingine. Mkono wake ulikuwa bado unaukumbuka uso ule bila kuutazama. Je, huo mkono ulikuwa na nafasi ya kuujifunza uso mwingine?

"Mbona unanitazama hivyo?" aliuliza Baba Chiriku. "Mpenzi, sema."

"Nenda ukaishushe."

"Sasa hivi. Naishusha sasa hivi."

Alifungua mlango, akabaki palepale ameshika kitasa. Bibi alikuwa amekwishaingia.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa nguo zilizopigwa pasi mpaka zikakubali. Alikisukuma kiti cha mjukuu wake kwa mkono mmoja, mkoba kwenye mkono wa pili, na Chiriku alikuwa anazungumza bila kituo kama kawaida yake.

"Bibi, pale ndipo ninapokaa! Ile meza iliyokatwa katikati ni yangu, baba aliikata ili kiti kiingie. Na huyu ananusa kila rangi kabla ya kuchora, eti nyekundu inanuka chuma. Na hawa pacha wanatukanana, Mwalimu anajua lakini anajifanya haoni. Na picha yangu iko pale, bibi, ile ya…"

Akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwona Chiriku akiishia katikati ya sentensi.

Bibi naye alikuwa ameiona. Aliuacha mkoba uanguke sakafuni, akaenda mpaka ukutani, akanyoosha kidole bila kugusa.

"Mwanangu," aliiambia picha. "Mwanangu jamani."

Mabega yake yalianza kutikisika. Mwalimu alisogeza kiti, akamkalisha, naye mama akamshika mkono bila kumtazama ni nani.

"Huyu mtoto kafanya hivi? Huyu ambaye namlisha kwa kijiko?" Aligeuka. "Chiriku, umemchora mama yako?"

Chiriku alimtazama baba yake. Baba alikuwa ameganda mlangoni pa stoo, uso umemsawajika. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Ndiyo, bibi."

Mwalimu angeweza kunyamaza. Kunyamaza tu, basi. Mama huyu alikuwa amelainika kuliko walivyowahi kuota. Kabla ya jioni angekubali yote. Na kusema je? Kumwambia mama anayelia kwamba yule si mwanao, yule ni mimi? Nani angeweza kusema hivyo akabaki na nafasi ya kuolewa? Akatazamana na Baba Chiriku juu ya vichwa vya watoto. Macho ya mwanamume yalikuwa yanamwomba, lakini hakujua yanaomba asemewe au afichwe.

"Nimekosea juu yenu," alisema Bibi, akijifuta kwa kiganja. "Nilidhani mnamleta hapa achezee matope. Mwalimu ni wewe? Basi nimekosea, mwanangu. Mpeni karatasi nyingine. Nataka anichoree mama yake tena, nikamweke chumbani kwangu."

Karatasi ikaletwa. Mwalimu alifunga brashi kwenye kiganja cha Chiriku. Bibi alivuta kiti karibu. Brashi ikagusa karatasi, ikakimbilia pembeni, ikarudi, ikaacha alama pana iliyopinda. Siku nyingine Chiriku angeicheka na kuiendeleza, maana yeye husema mistari yake inapenda kutembea. Leo alimwangalia bibi yake, akaiangalia ile picha ukutani, akaanza kupumua haraka.

"Baba," alisema, "nishike mkono."

Mapacha hawakusikia, lakini wengine wote walisikia. Hakuna aliyepiga kelele za "Mikono!" Watoto wana akili zao.

"Nishike, baba. Peke yangu sitaweza."

"Mbona hivyo?" Bibi aliuliza. "Si ulichora ile? Mama yako si unamkumbuka? Hebu niambie, macho yake yalikuwaje?"

"Sikumbuki, bibi."

"Hukumbuki? Na pale ukutani ulimkumbuka vipi?"

Midomo ya mtoto ilianza kucheza. Mwalimu alipiga magoti, akaweka kiganja chake kwenye mgongo wa kiti cha Chiriku. Alijua anachokitupa, na alikitupa.

"Mama, nakuomba usimwulize yeye. Tuulize sisi wakubwa."

Bibi alimtazama Mwalimu, kisha akainua macho polepole kwa mkwewe. Baba Chiriku alitoka mlangoni pa stoo. Alitembea kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mtoto alichora yake. Nilipokuwa naibandika nikainyoosha, nikamtia sura. Chiriku hajasema uongo, amenisitiri tu."

"Ulinichezea."

"Nilitaka uone anaweza."

"Nilimlilia mwanangu mbele ya watu, kumbe nalilia ufundi wako wa mabango!" Sauti ya Bibi ilipanda. "Na huyo mwanamke, kabla hujamtia sura ya mwanangu, alikuwa nani?"

Baba Chiriku akashangaa. "Alikuwa… alikuwa ni mama yake, nilidhani. Alikuwa anaanika nguo."

"Siyo nguo," alisema Chiriku. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Ni picha zetu. Ni Mwalimu anazianika. Baba, wewe hukuuliza."

Wote walitazama juu. Kwenye kamba iliyokatiza ukumbi, picha mbichi zilikuwa zinaning'inia kwa vibanio vya nguo. Baba Chiriku alizitazama, akamtazama Mwalimu, na Mwalimu aliona kitu kikivunjika usoni pake.

"Ulijua?" alimnong'oneza.

"Aliniambia wiki iliyopita."

"Na kule stoo hukusema?"

"Ningesemaje?"

Bibi alikuwa amesimama. Aliuokota mkoba wake, akaufuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Kwa hiyo wewe ulijua," alimwambia Mwalimu, "ukanitazama nalia, ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

"Ulitaka nikubali."

"Nilitaka ukubali. Sitakudanganya. Nampenda baba yake, na huyu mtoto nampenda kabla ya baba yake. Lakini pia nilikuona unavyoitazama ile picha. Sikuwa na ubavu wa kukunyang'anya."

Bibi alishika vishikio vya kiti cha mjukuu wake. "Twende nyumbani."

"Sijamaliza," alisema Chiriku.

"Utamalizia nyumbani."

"Hapa mtu haondolewi kabla hajamaliza, bibi. Muulize yeyote."

"Kweli," alisema mtoto aliyenusa rangi. "Hata mama yangu alisubiri mpaka akalala."

Bibi alitazama huku na huku kama anayetafuta mkubwa mwenzake wa kumsaidia. Hakumpata. Akaketi. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe kuelekea brashi ya mjukuu, na mara hii watoto hawakumwonea haya. "Mikono!" Akaurudisha mapajani kama ameungua, akaufungia ndani ya mkono wa pili.

Chiriku alichora. Mstari ulikwenda ulikotaka, naye akaufuata akiusimulia kwa sauti, huku ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Ilichukua muda mrefu. Baba Chiriku alisimama ukutani mikono mfukoni, na Mwalimu hakuthubutu kumkaribia. Alizungukia meza nyingine, akajaza maji, akafungua makopo, na kila alipoinua kichwa alikuta macho ya Bibi yako juu yake, yanapima.

"Njoo ukae hapa," Bibi alisema hatimaye, bila kugeuka.

Mwalimu alikaa.

"Hapa watu wanakuona, kwa hiyo unatia mikono mfukoni. Nyumbani hakuna anayekuona. Akianza kula mwenyewe, mezani panakuwa kama pamepita kuku. Akivaa mwenyewe, mnachelewa kila mahali. Siku umechoka na yeye ndiyo kwanza anatafuta tundu la shati, utafanya nini?"

Mwalimu alijua jibu zuri. Alikuwa amelisema mbele ya wazazi wengi. Safari hii lilikataa kutoka.

"Kuna siku nitamsubiri," alisema. "Na kuna siku nitashindwa, mama. Nitamvalisha haraka tuondoke, na njia nzima nitajichukia."

Bibi alitoa pumzi ndefu kupitia puani. "Mimi humvalisha kila siku," alisema. "Sikuwahi hata kujichukia. Nilidhani ndiyo mapenzi yenyewe." Akaelekeza kidevu kwenye picha ya ukutani. "Ile naitaka. Mstari si wake, najua. Lakini uso ni wa mwanangu, na sina aliyemchora zaidi ya huyo mjinga aliyesimama pale."

"Siwezi kukupa mimi, mama. Picha ni ya mwenyewe."

Bibi akamwinamia mjukuu wake. Ilionekana si jambo alilolizoea, kumwomba.

"Chiriku, unanipa ile?"

"Chukua tu, bibi. Ile imekwishaharibika. Mwalimu nitamchora mwingine."

Mtu alicheka, alikuwa Bibi mwenyewe, kicheko kifupi kilichomtoka kwa bahati mbaya, akakifunika kwa mkono. Kisha uso wake ukarudi kuwa mgumu. Chiriku alipotangaza amemaliza, Bibi alianza kumfuta vidole, akasita, akampa kitambaa ajifute mwenyewe. Akamgeukia mkwewe.

"Mwisho wa wiki huu hukai naye. Namrudisha kwangu."

"Mama, nakuomba…"

"Nimesema. Mtu anayeweza kumfanya mtoto adanganye kwa ajili yake anahitaji kukaa peke yake kidogo akafikiri. Na ndoa usiniulize leo."

Baba Chiriku aliinamisha kichwa. Chiriku aliunyoosha mkono wake wenye rangi, ukayumba, ukampata shavuni. Baba hakujifuta.

Bibi alikisukuma kiti mpaka mlangoni, picha chini ya kwapa. Mwalimu aliwasindikiza, akihesabu hasara yake kimoyomoyo: mtoto, mwanamume, nyumba ambayo ilikuwa bado haijawa nyumba. Kizingitini Bibi alisimama.

"Kitandani anabebwa kwa namna yake," alisema, akitazama barabarani. "Ukimbeba vibaya nyonga inamwuma usiku kucha, na hasemi, anaongea yote isipokuwa linalomwuma. Kesho mchana njoo kwangu nikuonyeshe. Baba yake mwenyewe hajui vizuri."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, na Bibi hakungoja zaidi. Magurudumu yakashuka kwenye kijia, na sauti ya Chiriku ikaanza upya, ikisimulia kila walichokipita.

Baba Chiriku alikuja akasimama kando yake, shavu lina manjano. Hawakugusana.

"Amesema nini?"

"Amenialika kesho."

Aligeuka akamtazama, na katika macho yake hofu na matumaini vilikuwa vinasukumana mlangoni. "Na mimi?"

"Wewe hukutajwa," alisema Mwalimu. Bado alikuwa na hasira, na alitaka ajue kwamba anayo. Lakini mkono wake ulikwenda, ukatafuta mkono wa mwanamume uliokuwa mfukoni, ukautoa nje.